Kengele, King'ora na Simu

Ilikuwa siku ya Mungu, katika Misa ya pili ya parokia yetu, padri akianza Sala ya Ekaristi. Kijana mmoja wa kundi letu, fundi wa umeme katika kampuni ndogo inayofanya kazi kwa niaba ya migodi mikubwa, alitoa simu mfukoni, akaitazama, akapiga goti kuelekea tabernakulo, akatoka nje. Alirudi wakati wa matangazo. Baada ya Misa alitufuata mwenyewe, kabla hatujamwuliza neno. Alisema mkuu wake wa kazi alikuwa ametuma ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la kazini, na kwamba asiyejibu ndani ya dakika chache huandikwa kuwa hayupo, hata kama siku hiyo si ya zamu yake. Kisha akauliza: "Mwalimu, je, nimetenda dhambi?"

Tulimkumbusha yale ambayo Katekisimu inafundisha juu ya wajibu wa Misa ya siku ya Mungu, na juu ya sababu nzito zinazoweza kumwondolea mtu wajibu huo. Alishukuru, akaenda zake. Lakini sisi swali lake lilitusumbua hata usiku, maana chini yake tuliona swali lingine la zamani sana: ni nani mwenye haki ya kumwita mtu kazini, na ni nani mwenye haki ya kumwambia, sasa weka chini chombo chako? Sisi tuliosomea ualimu tuna kasoro moja: tukiulizwa jambo la leo, tunakwenda kulitafuta jana. Wapendwa vijana, mtuvumilie.

Tuanze na kitu ambacho kila mzee wa hapa kwetu anacho kinywani. Mtanzania na Mkenya huhesabu siku za juma kuanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu. Wazee wetu wa Katanga walihesabu kwa namna nyingine. Kwao siku ya kwanza ni kazi moja, inayofuata ni kazi mbili, hivyo hivyo hadi kazi tano. Kisha yaja siku ya posho, na mwisho siku ya Mungu. Posho ni chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao. Ndugu zetu wasemao Kilingala walilichukua neno lilo hilo, na leo kwao mposo ni juma zima. Ni nadra lugha kuhifadhi historia kwa uwazi namna hii. Siku tano za mwajiri, siku moja ya tumbo, siku moja ya Mwenyezi. Aliyebuni hesabu hiyo hatumjui. Bila shaka ni wafanyakazi wenyewe, katika kambi zao, na ndani yake waliacha nafasi moja ambayo kampuni haikuitia jina.

Kabla ya kampuni ilikuwako kengele. Ilifika upande wetu wa nchi pamoja na misheni. Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko misheni zikaenea, kila moja na kengele yake. Wengi mnadhani kengele ya kanisa iliwekwa ili kuwaamsha wavivu. Asili yake ni nyingine. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki wake Kanuni, na humo aliagiza kwamba mmonaki akisikia ishara ya sala aache mara moja chochote kilichomo mikononi mwake, aende haraka kanisani, kwa kuwa hakuna kazi inayopaswa kutangulizwa mbele ya kazi ya Mungu. Jembe likae pale lilipo, herufi ibaki nusu. Hivyo kengele, katika mzizi wake, ni chombo cha kusimamisha kazi. Malaika wa Bwana wa saa sita mchana ana maana hiyo hiyo: mkulima husimama katikati ya mtuta.

Tuseme ukweli, maana historia ya Kanisa haihitaji kupakwa rangi. Katika misheni nyingi kengele hiyo hiyo ilitumika pia kuwapeleka watoto wa shule katika mashamba ya misheni, na wazee wetu waliokuwa wanafunzi enzi hizo hawakusahau.

Kisha kikaja king'ora. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906; mwaka 1910 ulianza mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi; mwaka 1911 tanuru lake likatoa shaba ya kwanza. Watu wa kulihudumia hawakutosha. Mwaka 1910 hiyohiyo iliundwa ofisi ya kuajiri, Bourse du Travail du Katanga, na mawakala wake wakaenda vijijini kutafuta vijana wenye nguvu. Baadaye walichukuliwa watu kutoka Kasai, kutoka Rodezia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, na kutoka Rwanda na Burundi. Mtu aliyezoea kuamka kwa jogoo na kupumzika kwa jua kali alijikuta mbele ya mashine isiyojua jua wala mvua, na juu ya mashine hiyo kulikuwa na sauti iliyogawa siku yake vipande vipande.

Tumekulia katika kambi ya wafanyakazi, wakati migodi ilikuwa tayari imechukuliwa na taifa tangu mwaka 1967 na kuwa Gécamines, nasi tunakikumbuka king'ora vizuri. Kilipolia alfajiri, baba alikwisha vaa viatu. Kilipolia tena, mama alijua ni wakati wa kuweka maji ya bukari motoni, maana baba yuko njiani. Sisi watoto tulijua kuwa mchezo umekwisha, kwa kuwa baba aliporudi alitaka kutukuta tumenawa. Jirani asiyekuwa na saa ukutani, na walikuwa wengi, alipanga maisha yake yote kwa sauti hiyo. Tulikichukia. Ila sasa, baada ya miaka mingi, tunaona sifa mbili ambazo hatukuziona wakati ule.

Sifa ya kwanza ni kwamba kililia pia kwa kufungua. Sauti iliyomwita baba ndiyo iliyomwachilia, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyeweza kumfuata mezani. Sifa ya pili ni kwamba kiliwaita watu wote kwa pamoja. Waliokisikia waliingia pamoja, walichoka pamoja, na walijuana. Mnamo Desemba 1941, wakati wa vita vikuu, bei za vitu zikiwa zimepanda na mishahara ikiwa imelala, wafanyakazi hao waliojuana waliacha kazi. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwapiga risasi waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na makumi ya watu wakafa. Wako vijana wanaopita kandokando ya viwanja vya mji huu kila siku bila kujua habari hii; tunawaomba waulize nyumbani, ikiwa bado yuko babu wa kuulizwa.

Shule za kambi za Union Minière zilikuwa zimekabidhiwa kwa wamisionari Wabenediktini, ambao mkuu wao katika Katanga alikuwa Askofu Jean-Félix de Hemptinne. Ni watoto wa yule Benedikto wa Kanuni. Waliishi karibu na king'ora miaka mingi, na mara nyingi walisimama upande wa wenye king'ora kuliko upande wa wanaoitwa nacho. Hatusemi hivi ili kuwahukumu marehemu waliotufundisha kusoma. Tunasema kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII katika waraka Rerum Novarum alikwisha fundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya siku ya Bwana, na kwamba mkataba wowote kati ya mwajiri na mwajiriwa hauwezi kuifuta haki hiyo. Mafundisho yalikuwapo. Kuyafikisha hadi kambini ilikuwa kazi nyingine.

Simu ilitufikia polepole, na mwanzoni haikumtisha mtu. Tulipokuwa mwalimu kijana katika misheni moja ya mbali, chombo kilichotuunganisha na dunia kilikuwa foni, ile redio ya misheni iliyotumia betri ya gari na bamba la jua. Ilikuwa na saa zake, asubuhi na jioni. Sista aliyeihudumia alikaa na kitabu chake, watu wakakaa uwanjani wakingoja. Maneno yalikuwa machache, kwa sababu betri ilikuwa ndogo na kwa sababu misheni zote za jimbo zilikuwa zikisikiliza. Hapo tulipata habari za ugonjwa, za kifo, za mtoto aliyezaliwa, za mshahara ambao haujaja. Saa ikiisha, sista alizima, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyetaka kutusumbua baada ya hapo ilimpasa apande baiskeli.

Wakati huohuo, katika mji mkuu, wachache walikuwa tayari na simu za mkononi. Kampuni Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare, ilianza Kinshasa mwaka 1986, na mtandao wake ni mmoja wa ile ya kwanza katika Afrika. Simu hizo zilikuwa nzito kama tofali na za watu wakubwa tu. Kwa wananchi wa kawaida mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, Celtel na kisha Vodacom zilipoingia. Ndipo tulipoona kabini: mwavuli, meza ndogo, msichana na simu moja, watu wakilipa kwa dakika. Mwezi wa Novemba 2012 ikaja M-Pesa, na kijana wa Lubumbashi akaweza kumtumia mama yake fedha bila kumkabidhi dereva wa lori bahasha na kuomba Mungu. Jambo hilo tunalisifu bila kusitasita. Anayesema simu ni ya shetani hajawahi kungoja habari za mgonjwa siku tatu.

Simu janja yenyewe ilizaliwa mbali. IBM iliuza Simon mwaka 1994, simu ya kugusa kwa kidole iliyokuwa na kalenda na barua pepe, wachache waliinunua. Kampuni ya Kanada iliyotengeneza BlackBerry, kuanzia mwaka 1999, iliwapa wakubwa wa ofisi uwezo wa kusoma barua za kazi wakiwa njiani, na kitu kilichoanza kama heshima ya wakubwa kikageuka mnyororo: Wamarekani wenyewe walikipa jina la utani linalokilinganisha na dawa ya kulevya. iPhone ilianza kuuzwa Juni 2007. Duka lake la programu lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009. Novemba 2014 ikaongeza alama mbili za bluu zinazomwonyesha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa.

Tusimame kidogo kwenye alama hizo za bluu, kwa kuwa hapo ndipo kijana wetu aliponaswa. Barua ya karani wa zamani ilikaa mezani, na hakuna aliyejua lini umeifungua. King'ora hakikujua kama umekisikia. Alama ya bluu inajua. Inamwambia mkuu wa kazi, saa nne usiku, kwamba wewe uko macho na umenyamaza. Tena haiwaiti watu wote kwa pamoja: inamwita kila mmoja peke yake, chumbani mwake, na kila mmoja anajibu haraka kwa kuhofia kwamba mwenzake amekwisha jibu. Ndani ya kundi la WhatsApp la kazini mna watu 40, lakini kila mmoja amekaa na woga wake.

Woga huo una sababu yake hapa kwetu. Mnamo mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Watoto wao ndio ninyi. Wengi mmepata kazi kwa kampuni ndogondogo, kwa mkataba wa miezi michache, na nje ya lango kuna wengine wanaongoja nafasi yenu. Mtu wa namna hiyo simu yake haizimwi. Hatuwezi kumhubiria nidhamu ya simu kana kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo.

Na simu hiyo inayomwita ina sehemu ya nchi yake ndani yake. Kobalti iliyomo katika betri yake huenda ilitoka Kolwezi. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Tantali inayosaidia vipuri vyake kuwa vidogo hutoka katika koltani, na koltani iko Kivu. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache tu. Wakulima waliacha mashamba, wanafunzi waliacha madawati, maelfu ya wachimbaji waliingia mbuga ya Kahuzi-Biega, na wenye bunduki wakajitwalia kodi. Mwaka 2001 bei ikaanguka, bunduki zikabaki. Hata leo Rubaya, katika Masisi, mlima huohuo unachimbwa kwa mikono na kugombewa kwa silaha. Mchimbaji wa pale hana kengele wala king'ora. Mwili wake ndio unaomwambia basi, na wakati mwingine ni udongo unaoporomoka.

Wako watakaosema: kama shida ni simu, izimwe. Tuliionja dawa hiyo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na ilirudi baada ya karibu juma tatu. Simu zililala. Je, tulipumzika? Muuza mega alikosa chakula, mwanafunzi alikosa mafunzo, mama alikosa habari za mwanawe aliye Kinshasa, na kila mtu alikaa na wasiwasi. Ukimya ulioamriwa na mwenye nguvu hauna uhusiano na Sabato. Waisraeli waliagizwa katika Kumbukumbu la Torati kuishika Sabato wakikumbuka kwamba walikuwa watumwa Misri. Pumziko lao lilikuwa alama ya watu waliofunguliwa, nalo lilimfikia mtumishi na mgeni na hata punda.

Hapa kwetu sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Haikutaja simu, kwani waliyoiandika walikuwa bado wanapiga kwenye kabini. Ufaransa, kwa sheria ya Agosti 2016 iliyoanza kutumika Januari 2017, ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kujitenga na simu baada ya kazi. Ubelgiji, nchi iliyotuletea king'ora, iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2022 kwa kampuni zenye wafanyakazi 20 au zaidi. Hatudai kwamba sheria hizo zimemaliza shida huko. Tunaona tu kwamba zilianza pale watu walipoketi mezani na kusema saa fulani ni yetu. Na Papa Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na Rerum Novarum, akifikiria mapinduzi mapya ya viwanda na akili bandia, na heshima ya mtu na ya kazi yake. Maana yake, swali la fundi wetu wa umeme limekwisha fika Roma.

Tulimwita kijana yule jioni moja ya siku ya posho, tukamsimulia habari hizi zote kwa kifupi, pamoja na ile ya 1941. Alisikiliza hadi mwisho, simu yake ikiwa juu ya meza, uso chini. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba yeye na wenzake wa kundi lile la kazini hawajawahi hata mara moja kuzungumza juu ya ujumbe wa usiku wakiwa pamoja. Kila mmoja alidhani wengine wanaukubali.

Sasa wamezungumza. Watano kati yao, wawili Wakatoliki, mmoja Mmetodisti, mmoja wa kanisa la uamsho na mmoja asiyesali popote, wameandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wao. Wameomba kwamba siku ya Mungu na usiku baada ya saa mbili aitwe mmoja tu, kwa zamu, na jina lake liandikwe ukutani kila juma; wengine waachwe. Barua walituletea tusahihishe Kifaransa chake, nasi tulirekebisha mahali pawili. Waliipeleka kazi moja asubuhi. Jibu bado.